Kikao Kinachobaki Mgeni Akiondoka: Objekti za Kikao na Kumbukumbu ya Seva katika Programu za Wavuti za Java

1. Utangulizi

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, kikao ni mkutano wa watu waliokaa pamoja kwa shughuli maalumu. Ukoo hufanya kikao, bunge hufanya kikao, na mahakama hali kadhalika. Watu wakiinuka na kwenda zao, kikao kimekwisha. Hakuna awezaye kudai kwamba kikao kinaendelea ilhali viti vyote ni vitupu. Neno hili limeingia pia katika fani ya kompyuta, ambamo hutaja mfululizo wa mawasiliano kati ya mtumiaji mmoja na programu iliyo kwenye seva. Wako wanaopendelea neno kipindi. Katika vyuo vikuu vya Kongo, hata hivyo, neno hilo lingeweza kumpeleka msomaji kwenye vipindi vya mitihani, ambavyo wanafunzi wamezoea kuviita kwa neno la Kifaransa session. Kwa sababu hiyo neno kikao ndilo litakalotumika humu.

Makala haya yanakusudia kueleza namna objekti za kikao zinavyotumia kumbukumbu ya seva katika programu za wavuti zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Hoja yake kuu ni kwamba kikao cha kompyuta kinatofautiana na kikao cha watu kwa jambo moja kubwa: huendelea kukaa baada ya mgeni kuondoka, na katika muda huo wote hushika nafasi. Mtu asiyeizingatia tofauti hii hukadiria mahitaji ya seva kwa kuwahesabu watu waliopo, kumbe imempasa kuwahesabu na waliokwisha kwenda. Kosa la hesabu hiyo huwaangukia watumiaji wenyewe, aghalabu siku ile wanapoihitaji huduma kuliko siku nyingine yoyote.

2. Itifaki isiyokumbuka

Wavuti ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva, kati ya mwaka 1989 na 1991. Mawasiliano yake hufuata itifaki ya HTTP, yaani kanuni zinazoongoza jinsi kivinjari cha mtumiaji kinavyoomba ukurasa na jinsi seva inavyojibu. Itifaki hiyo ilifanywa nyepesi kwa makusudi. Kila ombi hujitegemea: kivinjari hubisha hodi, seva hujibu, na shauri likaishia hapo. Ombi la pili likija, hata kama limetoka kwa mtu yule yule sekunde moja baadaye, itifaki yenyewe haina njia ya kulihusisha na la kwanza.

Usahaulifu huu una faida. Seva isiyolazimika kumkumbuka mtu yeyote huweza kuwahudumia wengi kwa nguvu kidogo. Lakini shughuli nyingi za binadamu huhitaji hatua zinazofuatana. Mwanafunzi anayejiandikisha hutaja jina lake katika ukurasa wa kwanza, akachagua kitivo katika ukurasa wa pili, na kuthibitisha malipo katika ukurasa wa tatu. Iwapo seva imemsahau kila anapogeuza ukurasa, shughuli haiwezi kukamilika.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1994, pale Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alipobuni kuki. Kuki ni maandishi mafupi ambayo seva humkabidhi mgeni, na kivinjari chake huyarudisha pamoja na kila ombi linalofuata. Kwa njia hiyo hodi ya pili hutambulikana kuwa ni ya yule aliyebisha hodi ya kwanza.

Hata hivyo, kuki iliziba pengo moja na kuliacha jingine wazi. Mgeni sasa ana njia ya kujitambulisha anapoingia, lakini hana desturi ya kuaga anapotoka. Mtu akifunga kivinjari, akizima kompyuta, au umeme ukikatika, seva haipati habari yoyote. Kwa upande wa seva, mtu aliyeondoka na mtu anayesoma ukurasa kwa utulivu hawana tofauti: wote wawili wamenyamaza. Matatizo ya kumbukumbu yatakayoelezwa hapa chini yana mzizi wake katika jambo hili.

3. Kikao huzaliwa vipi na hukaa wapi

Lugha ya Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Katika nusu ya pili ya mwongo huo, kampuni hiyo ilitoa kanuni za sevleti, yaani programu ndogo za Java zinazokaa ndani ya seva na kujibu maombi ya wavuti. Sevleti haijitegemei, huendeshwa na programu mwenyeji, na iliyo mashuhuri kuliko zote ni Tomcat, ambayo msimbo wake ulikabidhiwa kwa Apache Software Foundation mwaka 1999. Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010, na baadaye kanuni hizo zikahamia chini ya Eclipse Foundation; lakini namna kikao kinavyofanya kazi haikubadilika katika misingi yake.

Kikao huzaliwa pale sevleti inapoitisha njia iitwayo getSession. Programu mwenyeji hutazama kama ombi lililoletwa lina kuki ya kikao kilicho hai. Ikiwa hakuna, huumba objekti mpya ya aina ya HttpSession, ikaipa kitambulisho cha kubahatisha, na kumpelekea mgeni kitambulisho hicho ndani ya kuki yenye jina JSESSIONID. Katika Tomcat, kitambulisho hicho huwa na baiti 16, zinazoandikwa kwa tarakimu na herufi 32.

Yafaa kutilia mkazo kile anachobeba mgeni na kile kinachobaki kwa mwenyeji. Mfano wa abiria aliyeacha mizigo stesheni unafaa hapa. Abiria huondoka na kipande cha karatasi chenye namba. Masanduku hubaki ghalani. Vivyo hivyo kivinjari hubeba kitambulisho tu, ambacho ni chepesi mno. Jina la mtumiaji, haki zake, kapu lake la ununuzi, orodha aliyotafuta dakika tano zilizopita: hayo yote hukaa kwa seva.

Ghala hilo ni sehemu ya kumbukumbu kuu ya kompyuta ambayo Java huitumia kuhifadhi objekti zake zote. Sehemu hiyo huitwa rundo. Rundo lina kikomo. Msimamizi wa seva huweza kukiweka anapoianzisha programu. Asipokiweka, kwa kawaida Java hujitwalia robo moja ya kumbukumbu kuu ya kompyuta kuwa ndio upeo. Objekti za kikao hugombania nafasi humo pamoja na kila kitu kingine ambacho programu inakihitaji ili ifanye kazi.

4. Uzito wa kikao kimoja

Kikao kitupu hakikosi uzito. Kina kitambulisho chake, saa ya kuzaliwa, saa ya ombi la mwisho, na jedwali litakalopokea sifa. Sifa ni vile vitu ambavyo mwandishi wa programu huviweka ndani ya kikao kwa kuvipa majina. Uzito wa kikao kitupu ni mdogo. Uzito unaoiangusha seva hutoka kwenye sifa.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kulielewa. Kikao hakimezi kitu kinachowekwa ndani yake; huhifadhi rejeo, yaani anwani ya mahali kitu hicho kilipo katika rundo. Basi vikao 1,000 vinavyorejea orodha moja iliyoumbwa mara moja havizalishi orodha 1,000. Lakini ikiwa kila mgeni anapoingia programu husoma hifadhidata upya, ikaumba orodha mpya na kuitia katika kikao chake, orodha 1,000 zitakuwapo, japokuwa maneno yake ni yale yale. Kwa hiyo uzito wa kikao hupimwa kwa kuuliza swali hili: iwapo kikao hiki kingeondolewa sasa, ni vitu gani vingekosa mtu wa kuvirejea? Jumla ya vitu hivyo ndiyo mzigo wake.

Mara nyingine mzigo huo huingia kwa mlango wa nyuma. Mwandishi wa programu huweka katika kikao objekti moja ya mwanafunzi, akidhani ameweka jina na namba. Kumbe objekti ya mwanafunzi inarejea kitivo chake, kitivo kinarejea orodha ya wanafunzi wote, na kila mwanafunzi anarejea masomo na alama zake. Aliyekusudia kuhifadhi uzi mmoja amevuta kitambaa kizima.

Namna ya kuandika maneno nayo ina uzito wake, na hili linawahusu moja kwa moja wanaofanya kazi na matini za Kiswahili. Tangu toleo la 9 la mwaka 2017, Java huhifadhi kila herufi kwa baiti 1 iwapo herufi zote za tungo zimo katika seti ya Latin-1, ambayo ina herufi za kawaida za Kilatini pamoja na nyingi za Kifaransa zenye alama, kama é na ç. Ikitokea hata herufi moja tu iliyo nje ya seti hiyo, tungo nzima huhifadhiwa kwa baiti 2 kwa kila herufi. Kiswahili sanifu kinafaidika na utaratibu huu, kwa kuwa hakina herufi za pekee. Lakini neno ng'ombe likiandikwa kwa alama ya ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe, limetoka nje ya seti. Matini yenye herufi 100,000 iliyokuwa ikichukua takriban kilobaiti 100 itachukua 200 kwa ajili ya ritifaa moja. Hali ni hiyo hiyo kwa Kilingala kinapoandikwa kwa irabu ɛ na ɔ. Anayehifadhi matini ndefu katika vikao vya watu wengi yampasa kulijua hili.

5. Hesabu ya muda

Uzito wa kikao kimoja ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni idadi ya vikao vilivyo hai kwa wakati mmoja, na idadi hiyo hutegemea zaidi muda wa kuishi wa kikao kuliko wingi wa watu.

Kwa kuwa mgeni haagi, programu mwenyeji hukisia kuondoka kwake kwa ukimya. Kila kikao huwekewa kikomo cha ukimya. Muda huo ukipita bila ombi jipya, kikao huhesabiwa kuwa kimekufa. Katika Tomcat, kikomo kinachowekwa tangu mwanzo ni dakika 30. Ni wachache wanaokibadilisha, na wachache zaidi wanaojiuliza kinagharimu nini.

Gharama hiyo huweza kukokotolewa kwa kanuni ambayo Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961 katika nadharia ya foleni: idadi ya waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa muda wa kukaa. Ichukuliwe mfano wa chuo kikuu kinachotangaza matokeo ya mitihani kwa njia ya wavuti. Wanafunzi 120 huingia kila dakika, na kila mmoja hukaa dakika 5 akitazama alama zake, kisha huondoka. Waliopo kwa wakati wowote ni 120 mara 5, yaani 600. Lakini kikao cha kila mmoja huishi dakika 5 za shughuli na dakika 30 za ukimya, jumla dakika 35. Vikao vilivyo hai ni 120 mara 35, yaani 4,200. Katika kila vikao 7, kimoja tu kina mtu. 6 ni viti vitupu.

Isemwe kwamba programu ya chuo hicho huweka orodha nzima ya matokeo ya kitivo ndani ya kikao cha kila mwanafunzi, na kwamba orodha hiyo ina kilobaiti 200. Vikao 4,200 vitahitaji takriban megabaiti 840. Ikiwa rundo la seva lina megabaiti 512, halitafika huko. Vikao vitaongezeka kwa 120 kila dakika, na hakuna hata kimoja kitakachokufa kabla ya dakika ya 35. Vikao 2,560 vinatosha kulijaza rundo lote, na idadi hiyo hufikiwa kabla ya dakika ya 22. Kwa kweli mapema zaidi, kwani rundo lina vitu vingine pia. Seva itaanguka ikiwa na watu 600 tu ndani yake, ambao mzigo wao halisi ni megabaiti 120.

Msimamizi akiwahesabu waliopo hataelewa kilichotokea. Ataagiza kompyuta kubwa zaidi, ilhali waliomnyima nafasi mwanafunzi anayebisha hodi ni wenzake waliokwisha kuondoka.

6. Mzoataka na mipaka yake

Swali hujitokeza hapa. Java inasifiwa kwa kuwa na mzoataka, yaani utaratibu wa kuondoa objekti zisizohitajiwa bila mwandishi wa programu kuagiza. Utaratibu wa namna hiyo ulibuniwa na John McCarthy mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya lugha ya Lisp, na Java iliurithi. Mbona mzoataka haviondoi viti hivyo vitupu?

Jibu limo katika maana ya neno taka. Mzoataka huanza kwenye mizizi ya programu, yaani vile vitu ambavyo bila shaka vinatumika, akafuata kila rejeo mpaka mwisho wake. Kitu kinachofikika kwa njia hiyo huhesabiwa kuwa hai. Kisichofikika ni taka. Sasa, programu mwenyeji ina jedwali kubwa linaloviorodhesha vikao vyote kwa vitambulisho vyao, nalo hufikika daima. Kila kikao kilichomo hufikika, na kila sifa iliyo katika kikao hufikika pia. Mzoataka anajua kinachofikika. Hana njia ya kujua kinachohitajiwa. Masanduku yenye namba halali hayatupwi, hata kama mwenyewe amehama mji.

Kikao hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni programu kukifuta kwa njia iitwayo invalidate, kwa kawaida mtumiaji anapobofya mahali pa kutokea. Ya pili ni kikomo cha ukimya. Tomcat ina uzi wa pembeni unaopita katika jedwali takriban kila dakika moja na kuviondoa vikao vilivyopitwa na muda. Baada ya kuondolewa katika jedwali, ndipo kikao na sifa zake huwa taka, na mzoataka huvichukua kwa wakati wake.

Dalili za kujaa kwa rundo hutangulia maanguko. Nafasi inapopungua, mzoataka hulazimika kufanya kazi mara nyingi zaidi, na kila mara hupata kidogo cha kuondoa. Kurasa huanza kuchelewa. Mwishowe hutokea kosa la kukosa kumbukumbu, na kosa hilo halimchagui aliyelisababisha: ombi lolote litakalohitaji nafasi wakati huo, hata liwe dogo namna gani, laweza kuwa ndilo linalokataliwa.

7. Vikao visivyowahi kuwa na mtu

Viko pia vikao ambavyo tangu kuzaliwa kwake havikuwa na mtu. Injini za kutafutia huzituma programu tambazi zizisome kurasa za wavuti, na nyingi kati ya hizo hazirudishi kuki. Kila ombi la mtambazi huonekana kwa seva kuwa hodi ya mgeni mpya, na iwapo ukurasa unaitisha kikao, kikao kipya huzaliwa. Mtambazi anayesoma kurasa 3 kwa sekunde atakuwa ameacha nyuma yake, baada ya dakika 30, vikao 5,400. Tatizo hili lilionekana kuwa kubwa kiasi cha watunzaji wa Tomcat kuongeza kifaa maalumu kinachowatambua watambazi, kikampa kila mmoja kikao kimoja tu, chenye kikomo cha ukimya cha sekunde 60.

Hali hiyo huzidishwa na desturi moja ya kurasa za JSP, ambazo ni kurasa za HTML zilizochanganywa na Java. Kurasa hizo huanzisha kikao zenyewe, isipokuwa mwandishi aandike wazi kwamba hakitakiwi. Hivyo ukurasa wa makaribisho, usiomhitaji kumkumbuka mtu yeyote, huzaa kikao kwa kila apitaye njia.

Aidha, mtu mmoja huweza kuwa na vikao kadhaa. Kivinjari kikifungwa, kwa kawaida kuki ya kikao hupotea pamoja nacho, lakini kikao hubaki kwa seva. Mtu akirudi baada ya dakika mbili hupewa kingine. Mwanafunzi mwenye wasiwasi wa matokeo, anayefungua na kufunga mara tano ndani ya nusu saa, ameacha vikao vitano.

8. Muda au mzigo?

Kumbukumbu inayotumika ni zao la vitu vitatu: kasi ya kuingia, muda wa kuishi, na uzito wa kikao. Kasi ya kuingia haimo mikononi mwa mwandishi wa programu. Vimebaki viwili, na wengi hukimbilia muda, kwa sababu hubadilishwa kwa mstari mmoja katika faili la mipangilio. Katika mfano uliotolewa, kikomo kikishushwa kutoka dakika 30 hadi 10, vikao vitakuwa 120 mara 15, yaani 1,800, na mzigo utakuwa megabaiti 360. Rundo la megabaiti 512 litaweza kuustahimili.

Lakini muda huo una mwenyewe. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Kisangani anayejaza fomu ndefu ya maandikisho huweza kukatikiwa na umeme, au mtandao ukapotea kwa robo saa. Akirudi, kikao chake kimekwisha kufutwa, na yote aliyoyajaza yamepotea. Ataanza upya, pengine kwa kulipia tena muda wa intaneti. Nafasi iliyookolewa kwa seva imelipiwa na yeye, na aghalabu anayelipa zaidi ni mwenye uwezo mdogo zaidi, kwa kuwa ndiye mwenye mtandao wa polepole na umeme usiotegemeka.

Uzito wa kikao, kinyume chake, hauna mtu anayeumia ukipunguzwa. Orodha ya matokeo ni moja kwa wanafunzi wote wa kitivo. Inafaa kuwekwa mara moja katika sehemu ya programu inayotumiwa na vikao vyote kwa pamoja. Vitivo 10 vyenye orodha za kilobaiti 200 kila kimoja vitahitaji megabaiti 2 tu. Katika kikao ibaki namba ya mwanafunzi na haki zake, vitu ambavyo kwa makisio ya juu havizidi kilobaiti 1. Vikao 4,200 vitakuwa na uzito wa takriban megabaiti 4.2, na kikomo kimebaki dakika 30. Hata kikomo kikiongezwa hadi saa mbili, vikao vitakuwa 120 mara 125, yaani 15,000, na mzigo wake ni megabaiti 15. Aliyekatikiwa na umeme atapata nafasi ya kurudi. Na ikiwa fomu ni ndefu, kila hatua inayokamilika ihifadhiwe katika hifadhidata, kwa kuwa kikao hakikukusudiwa kuwa hazina ya kudumu.

Zipo njia nyingine, nazo zina masharti yake. Tomcat huweza kuvihamishia kwenye diski vikao vilivyonyamaza, na kuvirudisha mwenyewe akija. Njia hii huhitaji kila sifa iweze kugeuzwa kuwa mfuatano wa baiti, na kikao kizito huwa kizito pia wakati wa kukisafirisha. Wengine huongeza seva ya pili wakitarajia mzigo kugawanyika. Matarajio hayo hutimia iwapo kila mgeni anabaki na seva moja. Lakini katika mpangilio ule wa Tomcat ambao kila seva hunakili vikao vyote ili mmoja akianguka mwenziwe ashike, rundo la kila seva hubeba vikao vya kundi zima, na kuongeza seva hakupunguzi kumbukumbu inayohitajiwa na kila moja. Njia ya tatu ni kumrudishia mgeni mizigo yake aibebe mwenyewe ndani ya kuki. Hapo seva huwa nyepesi, lakini ni baiti 4,096 tu kwa kila kuki ambazo kanuni za mwaka 2011 huvitaka vivinjari viweze kuzipokea. Isitoshe, data hizo husafiri pamoja na kila ombi, na ni lazima zitiwe sahihi ya siri ili mgeni asizibadilishe.

Mambo mengine ni ya nidhamu ya kawaida. Ukurasa usiohitaji kikao usikianzishe. Sifa iliyomaliza kazi yake iondolewe mara moja, bila kungoja kikao kife. Mahali pa kutokea pawe wazi kwa mtumiaji, na pakibofywa, kikao kifutwe chote. Na kabla ya siku ya matokeo, msimamizi apime uzito wa kikao kimoja, akauzidishe kwa kasi ya kuingia na muda wa kuishi, naye atajua mapema kama rundo lake linatosha.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba objekti ya kikao ni ahadi ambayo seva huiweka kwa mgeni: kwamba akirudi atatambuliwa. Ahadi hiyo hushika nafasi katika rundo kwa muda wote inapodumu, na kwa kuwa itifaki ya wavuti haina neno la kwaheri, hudumu kupita kuwapo kwa mgeni mwenyewe. Mzoataka hawezi kuivunja, na ukubwa wa kompyuta huahirisha tu siku ya kujaa. Kinachofaa ni kuahidi machache, na kisha kuyatunza kwa muda mrefu kadiri mtumiaji anavyohitaji.

Kuhusu istilahi, neno kikao laweza kuendelea kutumika bila madhara, ilimradi anayefundisha aeleze tangu mwanzo mahali maana yake ya kikompyuta inapoachana na ile ya barazani. Barazani kikao hufungwa watu wanapoinuka. Katika seva hufungwa pale mtu anapoamuru kifungwe, au saa inapomaliza kuhesabu ukimya. Na mpaka hapo, kiti cha aliyeondoka hakikaliwi na mwingine.